Paundi Mia Mbili za Kutazamwa

Hospitali ya umma iliniandikia barua ya mistari minne:
hongera kwa kilo sabini na moja ulizopunguza;
ombi lako limekataliwa, maana hilo ni suala la urembo.
Urembo!
Mimi, Gethin, mwendesha kreni miaka ishirini na miwili pale Port Talbot,
ambaye hata pete ya ndoa sikuivaa kwa kuogopa mashine,
leo nimeingizwa kwenye daftari la warembo.

Basi nikatafuta wa kulipia.

Wa kwanza alikuwa Cardiff, ghorofa ya tatu,
chumba kinanukia limau.
Mia mbili kabla hujaketi, na hazirudishwi.
Niliuza tromboni.
Nimezoea kuvua shati nikiwa nimegeukia ukuta;
mle kila ukuta ulikuwa kioo.
Aliitazama saa yake kuliko alivyonitazama mimi.
Dakika kumi na moja. Nilipiga hesabu kwenye treni:
paundi kumi na nane na kitu kwa dakika,
na nyingi kati ya hizo nilikuwa nafunga vifungo.

Wa pili hakunigusa. Alinipiga picha,
akanionyesha kwenye kompyuta mtu mwenye kichwa changu
na tumbo la kijana anayetangaza manukato.
"Huyu," akasema, "ni elfu kumi na nne. Mikono ina bei yake."
Nikauliza mapaja. Akatabasamu kama muuza magari.
Zile mia na themanini zilikuwa za usiku wa Krismasi,
zamu ambayo hakuna aliyeitaka.

Watu huniambia: umekonda, shukuru.
Nashukuru. Nafunga kamba za viatu bila kuhema.
Lakini hakuna aliyenionya kwamba yule mnene nikimfukuza
ataondoka na kuniachia nguo zake mwilini.
Nikilala ubavu, tumbo nalo hujilaza kando yangu, na shuka huling'ang'ania.
Jua likiwaka, nachubuka chini ya mikunjo, napaka poda ya watoto.
Nikikimbia nasikia makofi:
ni mimi najipigia.

Dada yangu Heledd akanipa bahasha.
"Usiniulize nimezitoa wapi. Nenda."
Boila yake mbovu tangu Februari.

Wa tatu, Swansea. Jina lake refu, la Kipolandi;
nililivunjavunja, naye hakunisahihisha.
Mikono yake baridi, akaomba radhi kwa hilo.
Alishika ngozi ya tumbo kwa vidole vyote
kama fundi cherehani anayepima kitambaa cha mteja maskini,
bila haraka, bila kukionea haya.
"Inauma wapi?"
Nikasema hapa. Na hapa.
Kisha sauti ikanipotea, nikatazama dari.

Akachukua kalamu ya zambarau, akachora:
hapa nitakata, hapa nitavuta, hapa kitovu kitahamia.
Kwenu, husemwa, ni pale kilipozikwa kitovu chako.
Changu kitahama sentimita nne, kwa elfu kumi na tatu.
Sina. Alijua sina.
Akasema ngoja mwaka, uzito utulie,
ukirudi kutazamwa utalipa nusu.

Ngozi ivute ingali maji, walisema wahenga,
nao hawakusema itakuwaje kwa aliyechelewa.
Usiku ule nilioga kwa kuizungukia michoro,
kama mtu anayefagia asifute nyayo za mgeni.
Kwenye beseni ngozi ilielea, nyepesi, haina deni na mtu.
Nikaivuta. Ikaja.
Nikaiachia. Ikarudi taratibu, mahali ilipopataka yenyewe.

Leo ni siku ya nne. Limebaki doa moja la zambarau karibu na nyonga.
Risiti tatu zimo kabatini, chini ya soksi.
Heledd kapiga simu: daktari kasemaje?
Nikamwambia ana mikono baridi.
Akangoja nimalizie.
Nikamuuliza kama boila imetengenezwa.